Kipimo cha Haraka cha Sumukuvu: Kinachosema na Kisichosema Kuhusu Mahindi na Karanga

Mkulima anayepeleka mahindi kwenye ghala la chama cha ushirika au kituo cha ununuzi huweza kukutana na hatua ambayo wazee wake hawakuijua. Kabla gunia halijapanda mizani, nafaka huchomwa bambo, husagwa, huchanganywa na kimiminika, kisha kikaratasi chembamba huchovywa humo. Baada ya dakika chache jibu hutolewa: mzigo upokelewe, au urudi ulikotoka.

Kwa mwenye mzigo, jibu hilo lina uzito mkubwa. Ada za shule, mbegu za msimu ujao na chakula cha familia vinaweza kutegemea mstari mmoja mwembamba wa rangi. Kwa sababu hiyo ni haki ya kila mkulima, mfanyabiashara na mlaji kufahamu kipimo hicho kinapima nini, kinafanyaje kazi, na mahali gani kinaweza kupotosha.

Sumu isiyo na rangi wala harufu

Sumukuvu ni jina la jumla la sumu zinazozalishwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka, karanga na mazao mengine. Iliyo hatari zaidi kati ya hizo ni aflatoksini, inayozalishwa hasa na kuvu wa jamii ya Aspergillus. Kuvu hao huishi udongoni. Huingia kwenye mahindi na karanga zao likiwa bado shambani, hasa mimea inapopata ukame na joto wakati wa kujaza punje, au inaposhambuliwa na wadudu. Baada ya mavuno huendelea kukua iwapo mazao yamewekwa kabla ya kukauka vizuri.

Aflatoksini iligunduliwa kutokana na msiba wa mifugo. Mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga. Uchunguzi wa chakula hicho ndio uliowafikisha wanasayansi kwenye sumu hiyo. Leo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kiungo kinachoathirika zaidi ni ini, na hatari huongezeka sana kwa mtu mwenye maambukizi ya homa ya ini aina ya B.

Mtu anaweza kudhurika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kula sumu kidogo kidogo kwa miaka mingi, ambako madhara huchelewa kuonekana. Ya pili ni kula kiasi kikubwa kwa muda mfupi, ambako mgonjwa huanza kutapika, tumbo kuuma na kujaa maji, macho kuwa ya njano, na hatimaye ini kushindwa kufanya kazi. Nchini Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua kwa namna hiyo katika maeneo ya mashariki ya nchi na 125 wakafariki. Nchini Tanzania, mwaka 2016, mlipuko wa aina hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliwapata watu 68, na 20 kati yao walipoteza maisha. Katika misiba yote miwili chanzo kilikuwa mahindi, chakula cha kila siku.

Jambo linaloifanya sumu hii iwe ngumu kudhibiti ni kwamba macho, pua na ulimi haviwezi kuitambua. Mahindi yenye ukungu wa kijani au njano yanapaswa kutiliwa shaka, lakini mahindi meupe yanayong'aa nayo yanaweza kuwa na sumu, kwa kuwa kuvu huweza kufa au kufutika na sumu yake ikabaki. Kupika hakusaidii. Joto la ugali, makande au uji halitoshi kuivunja aflatoksini. Kutengeneza pombe ya kienyeji kwa mahindi yaliyooza hakuiondoi pia, ingawa desturi hiyo bado ipo katika baadhi ya kaya.

Kikomo kinachotumika

Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu mahindi yawe na aflatoksini isiyozidi mikrogramu 10 kwa kila kilo, na kati ya hizo aina ya B1, iliyo kali kuliko zote, isizidi mikrogramu 5. Kwa fumonisini, sumukuvu nyingine inayopatikana sana kwenye mahindi, kikomo ni mikrogramu 2,000 kwa kilo. Unyevu wa punje nao haupaswi kuzidi asilimia 13.5.

Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu, na kwa lugha ya hesabu pekee udogo huo haueleweki kwa urahisi. Lori lililobeba tani 30 za mahindi hufika kwenye kikomo iwapo sumu yote iliyomo ndani yake ina uzito wa gramu 0.3. Huo ni takriban uzito wa punje moja ya mahindi. Kipimo cha haraka kinaombwa kutambua kiasi hicho kilichotawanyika ndani ya lori zima, na kufanya hivyo kwa dakika chache, mbali na maabara kubwa.

Namna kikaratasi kinavyosoma sumu

Kazi huanza kwa kusaga nafaka iwe unga laini. Kiasi kidogo cha unga hupimwa kwa mizani ndogo yenye usahihi, kisha humiminiwa kimiminika maalumu kinachoitoa sumu kwenye unga, ama cha maji au chenye kileo, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Mchanganyiko hutikiswa kwa muda uliowekwa, huachwa utulie au huchujwa, na matone machache ya maji yake huwekwa kwenye kikaratasi.

Ndani ya kikaratasi kuna kingamwili zilizofungwa kwenye chembe ndogo za rangi. Kingamwili hizo zimeandaliwa zishikamane na aflatoksini. Maji yanapopanda kwenye kikaratasi huzibeba hadi kwenye mstari ambako aflatoksini kidogo imegandishwa tayari. Kama maji ya unga hayana sumu, kingamwili hufika zikiwa huru, hunasa kwenye mstari huo na kuupaka rangi. Kama maji yana sumu nyingi, kingamwili hufika zikiwa zimekwisha kushikwa, hupita bila kunasa, na mstari hufifia au haujitokezi kabisa. Mstari wa pili, ulio mbele zaidi, ni wa uthibitisho. Usipotokea, kipimo kimeharibika na kinapaswa kurudiwa.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wananchi wamezoea kipimo cha haraka cha malaria, ambacho mistari miwili ina maana ya ugonjwa. Kipimo cha sumukuvu hufanya kazi kinyume chake: mistari miwili iliyokolea ni habari njema, na mstari mmoja tu wa uthibitisho ni habari mbaya. Mkulima aliyesimama kando ya meza akishuhudia upimaji anapaswa kulijua hilo, asije akafurahi mahali pa kusikitika.

Baadhi ya vipimo hutoa jibu la ndiyo au hapana dhidi ya kikomo fulani. Vingine huingizwa kwenye kifaa kidogo kinachopima ukolezi wa mstari na kuonyesha namba. Vyote vinahitaji kuhifadhiwa katika joto lililoandikwa kwenye kisanduku na kutumiwa kabla ya muda wake kuisha. Kikaratasi kilichothibitishwa kwa mahindi hakipaswi kutumiwa kwa mtama au karanga mpaka mtengenezaji awe ameonyesha kwamba kinafaa kwa zao hilo, kwa kuwa rangi na mafuta ya zao vinaweza kuvuruga usomaji.

Kosa kubwa hufanyika kabla ya kikaratasi

Hata kikaratasi kizuri kuliko vyote hukipima kile tu kilichotiwa ndani ya chupa. Swali gumu ni kama unga huo kidogo unawakilisha mzigo mzima.

Sumukuvu haisambai kwa usawa kama chumvi ndani ya mchuzi. Hujikusanya kwenye punje chache, huku punje nyingi za jirani zikiwa safi. Watafiti wamewahi kupata punje moja ya mahindi yenye aflatoksini inayozidi mikrogramu 400,000 kwa kilo. Punje ya namna hiyo, yenye uzito wa gramu 0.3, hubeba sumu ya kutosha kufikisha kilo 12 za mahindi safi kwenye kikomo cha Afrika Mashariki. Hicho ni zaidi ya nusu debe, kwa sababu ya punje moja. Kwa upande wa karanga hali huwa mbaya zaidi.

Kutokana na hilo, watu wawili wakichota kiganja kimoja kimoja kutoka gunia lile lile wanaweza kupata majibu yanayopishana kabisa, na vipimo vyao vyote vikawa sahihi. Mmoja ameikuta punje mbaya, mwingine ameikosa. Wataalamu wa upimaji wanakubaliana kwamba sehemu kubwa ya makosa katika kupima aflatoksini hutokana na uchukuaji wa sampuli, na sehemu ndogo tu hutokana na kipimo chenyewe.

Sampuli nzuri huchukuliwa hivi. Bambo huchomwa juu, katikati na chini ya gunia. Magunia mengi huchomwa, yakiwemo ya ndani ya rundo na yale yanayogusa ukuta au sakafu, kwa sababu huko ndiko unyevu hukaa. Nafaka yote iliyotolewa hukusanywa pamoja iwe kilo kadhaa, na mzigo ukiwa mkubwa, sampuli nayo huwa kubwa. Kisha husagwa yote, huchanganywa vizuri, na ndipo unga mdogo wa kupimwa huchukuliwa. Kuchagua punje chache na kuzisaga hizo pekee hakukubaliki, wala kupima gunia moja la mbele na kulitolea hukumu rundo zima. Kinu kinapaswa kusafishwa kati ya mzigo mmoja na mwingine, la sivyo unga wa mkulima wa kwanza utamponza wa pili.

Jibu linapokuwa karibu na kikomo

Mzigo wenye namba ndogo sana au kubwa sana hauleti ubishi. Tatizo huja kifaa kinapoonyesha 9 au 12. Kipimo cha haraka ni chujio, na kama chujio lolote lina nafasi ya kupitisha kisichopaswa kupita au kuzuia kisicho na hatia. Katika hali hiyo inafaa sampuli mpya itolewe na kupimwa tena. Ikiwa shaka haijaondoka, au ikiwa jibu litatumika katika mgogoro au cheti cha kuvusha mzigo mpakani, sampuli ipelekwe kwenye maabara yenye ithibati. Maabara hutumia mashine zinazotenganisha kila aina ya aflatoksini na kuipima peke yake. Kazi hiyo huchukua muda na gharama zaidi, lakini majibu yake yana nguvu kisheria. Kwa Tanzania Bara, usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 2019.

Umuhimu wa cheti ulionekana wazi Machi 2021, Kenya iliposimamisha kwa muda uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio hilo liliondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa kila shehena iambatane na cheti kinachoonyesha kuwa aflatoksini iko chini ya mikrogramu 10 kwa kilo. Tangu hapo, mfanyabiashara asiyepima mapema hubeba hatari ya kugeuzwa njiani akiwa amekwisha kulipa nauli.

Mzigo uliokataliwa huenda wapi?

Upimaji unaofanyika ghalani humlinda mnunuzi. Haumlindi moja kwa moja mtu aliyelima mahindi hayo. Gunia lililokataliwa likirudishwa nyumbani bila maelezo, lina njia tatu: kuliwa na familia, kuuzwa gulioni kwa mtu asiyepima, au kupewa mifugo. Kwa njia zote tatu sumu humrudia binadamu. Ng'ombe wa maziwa akilishwa pumba zenye aflatoksini, sehemu ya sumu hiyo hutoka kwenye maziwa ikiwa imebadilika umbo, na kuku hudumaa na kupunguza utagaji.

Kaya zilizoathirika mwaka 2016 hazikuwa zikipeleka chakula chao mbele ya kifaa chochote cha kupimia. Kaya ya vijijini inayokula ugali mchana na usiku, na kumpikia mtoto uji wa mahindi na karanga asubuhi, hula nafaka nyingi zaidi kwa siku kuliko mlaji wa mjini anayebadilisha vyakula. Mtoto ndiye mwenye hatari kubwa, kwa kuwa mwili wake ni mdogo na unga wa lishe mara nyingi huunganisha mazao mawili yanayoshambuliwa zaidi na kuvu hao.

Kwa hiyo jibu baya linapaswa kuwa mwanzo wa kazi, wala lisiwe mwisho wa mazungumzo. Mahindi yaliyozidi kikomo kwa kiasi kidogo yanaweza kupembuliwa kwa mkono au mashine, punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa zikaondolewa, na mzigo ukapimwa upya. Kukoboa nako hupunguza sumu kwa sababu sehemu kubwa yake hukaa kwenye ganda na kiini, ingawa pumba zinazobaki huwa zimeikusanya na hazifai kulishwa mifugo. Kuchanganya nafaka mbaya na nzuri ili wastani ushuke hakuruhusiwi: huchafua kilichokuwa salama. Mzigo uliozidi kikomo kwa kiwango kikubwa unapaswa kuondolewa kwenye chakula cha watu na wanyama chini ya usimamizi wa maofisa wa kilimo na afya.

Kinga mahali pasipo na kipimo

Vijiji vingi havina kifaa cha kupimia, na hata vikiwa nacho, kupima kila gunia la kila kaya hakuwezekani. Kinga kubwa inabaki mikononi mwa mkulima.

Shambani, kupanda kwa wakati, kudhibiti wadudu na kuvuna mara zao linapokomaa hupunguza maambukizi. Ipo pia bidhaa ya kibayolojia iitwayo Aflasafe, iliyosajiliwa nchini mwaka 2018, ambayo hutawanywa shambani kiasi cha kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kutoa mbelewele. Ina kuvu wa jamii ile ile wasiotoa sumu, ambao huchukua nafasi ya wale wanaoitoa.

Baada ya kuvuna, mahindi na karanga vianikwe juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya udongo mtupu, na vifunikwe mvua inapotishia. Kwa asiye na kifaa cha kupima unyevu, njia ya chumvi husaidia. Chumvi kavu kidogo hutiwa pamoja na punje kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, hutikiswa, kisha huachwa kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi takriban asilimia 15 na nafaka irudishwe juani. Isipoganda, mkulima aendelee kuanika kwa muda zaidi kabla ya kuhifadhi, kwa kuwa kiwango salama ni 13.5. Mifuko isiyopitisha hewa, inayofahamika kwa wengi kama mifuko ya kinga njaa, hufanya kazi vizuri kwa nafaka iliyokauka pekee. Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na kuta.

Jikoni, punje mbovu zichaguliwe kabla ya kusaga, na unga wa lishe uchanganywe na ulezi ili mtoto asitegemee mahindi na karanga peke yake. Iwapo watu zaidi ya mmoja katika kaya wataanza kutapika, macho kuwa ya njano au tumbo kuvimba, wafikishwe kituo cha afya haraka, na mahindi au unga uliobaki uhifadhiwe kando bila kuliwa wala kutupwa, ili uweze kuchunguzwa.

Maswali ya kumwuliza mpimaji

Afisa ugani wa kata ndiye mlango wa kwanza kwa mwananchi anayetaka kupimiwa nafaka au kuelekezwa maabara, na afisa afya wa kata ndiye wa kupewa taarifa kuhusu chakula kinachotiliwa shaka. Mwenye mzigo anayepimiwa popote pale ana haki ya kuuliza na kujibiwa mambo haya:

1. Sampuli imetolewa kwenye magunia mangapi, na kutoka sehemu zipi za rundo?
2. Nafaka yote iliyokusanywa imesagwa pamoja kabla ya kupimwa, na kinu kilisafishwa?
3. Kikaratasi kimethibitishwa kwa zao hili, na muda wake wa matumizi haujaisha?
4. Mstari wa uthibitisho umeonekana?
5. Jibu ni namba au ni ndiyo na hapana, na limelinganishwa na kikomo kipi?
6. Jibu likiwa karibu na kikomo, litarudiwa lini na kuthibitishwa wapi?
7. Mzigo ukikataliwa, ni nani atakayeeleza namna ya kuupembua, kuupima tena au kuuteketeza?

Mkulima anashauriwa kuandika majibu hayo pamoja na tarehe ya kipimo, na kuhifadhi kando sehemu ya unga uliosagwa kutoka sampuli hiyo, katika mfuko mkavu uliofungwa na kuandikwa jina, mpaka malipo yake yatakapokamilika.